Mabegi Mawili, Mji Mgeni: Majibu ya Maswali Yenu

Barua za safari hii ni za watu wanaosafiri wawiliwawili, wale wa begi mgongoni na bajeti nyembamba. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa sababu wengine bado wako njiani pamoja na hawajasameheana.

Tuko Berlin. Tulinunua tiketi kwenye mashine, tukapanda treni, na bado mkaguzi akatuandikia faini ya euro 60 kila mmoja. Pesa tulilipa! Tumeonewa?

Hamkuonewa, ingawa uchungu wenu naujua. Stesheni za treni za chini ya ardhi za Berlin hazina geti. Unashuka ngazi, unapanda treni, hakuna anayekuuliza neno, na mgeni anadhani mambo ni mteremko. Kumbe tiketi nyingi za karatasi zinazotoka kwenye mashine za stesheni hazina nguvu mpaka uzigonge muhuri wa saa kwenye kisanduku kilichopo pale jukwaani, kabla hujapanda. Isiyogongwa ungeweza kuitumia leo, kesho na keshokutwa, ndiyo maana mkaguzi anaihesabu kama haipo. Na wakaguzi wenyewe mara nyingi huvaa nguo za kawaida. Yule bwana wa sweta aliyekaa karibu na mlango akichezea simu anaweza kuwa ndiye.

Kila mji una mtego wake. Budapest nako tiketi ya safari moja ya karatasi hugongwa muhuri unapoingia metro. Italia, tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa kabla ya kupanda. Paris geti zipo, kwa hiyo enzi za tiketi za karatasi watu waliingia kisha wakaitupa tiketi, wasijue kwamba mkaguzi anaweza kuwa anawasubiri kwenye korido ya kutokea. Iwe tiketi au kadi, itunzeni mpaka mtoke nje kabisa.

Kulia ugeni mbele ya mkaguzi hakusaidii, anasikia kilio hicho kutwa nzima. Dai karatasi rasmi ya faini, na usitoe pesa mkononi bila risiti. Halafu niruhusuni nikisie kilichotokea: mmoja alikuwa anapambana na mashine, mwingine anatazama ramani, na kila mmoja akaamini mwenzake amesoma maelezo. Hilo mtaliona tena na tena kwenye barua zinazofuata.

Rafiki yangu ni makini kuliko mimi, hivyo alibeba pasipoti zote mbili, pesa zote na kadi zote. Lisbon, kwenye tramu namba 28, kipochi kikachomolewa. Sasa tunafanyaje?

Kwanza kadi. Azimeni simu ya yeyote, hata ya mapokezi ya hosteli, mzifunge sasa hivi, kabla hamjaanza kulaumiana. Kisha polisi, siku hiyohiyo. Huyo mwizi huenda asipatikane, lakini mnahitaji ile karatasi ya taarifa ya wizi. Bima huitaka, na ubalozi nao mara nyingi huitaka. Baada ya hapo nendeni ubalozi wa nchi yenu. Kama nchi yenu haina ubalozi mji huo, ulizeni ni ubalozi upi unaoshughulikia eneo lile, maana kawaida upo, hata kama ni katika nchi jirani. Msitarajie pasipoti mpya papo hapo. Mara nyingi mtapewa hati ya dharura, na hati hiyo mara nyingi ni ya kuwarudisha nyumbani tu. Miji mingine mitatu mliyoipanga isahauni kwa sasa. Bebeni picha ndogo za pasipoti, na kama mna nakala ya pasipoti iliyopotea, hata picha tu kwenye barua pepe, kazi inakuwa nyepesi sana.

Sasa lile la pili, wizi wenyewe. Tramu 28 hupanda vilima vya mtaa wa Alfama ikiwa imejaa watalii wanaotazama madirisha badala ya mifuko yao. Basi namba 64 la Roma, litokalo stesheni ya Termini kuelekea Vatikani, lina sifa hiyohiyo. Wezi wa mifukoni hufanya kazi kwa kushirikiana: mmoja anasimama ghafla mlangoni kana kwamba amesahau kitu, wa pili anakusukuma kwa nyuma, wa tatu ana mkono. Ndani ya gari lililojaa begi linakaa kifuani, na simu haikai mfuko wa nyuma hata kwa dakika moja.

Ila mwizi si tatizo lenu kubwa. Angechukua nusu tu kama mngekuwa mmebeba nusu kwa nusu. Watu huamini kwamba kusafiri wawili ni kugawana kazi: wewe pesa, mimi ramani. Kwenye kupika na kufua, sawa. Kwenye pasipoti, kadi, anwani na tiketi, hapana. Kila mmoja awe na vyake, vinavyomtosha kufika kitandani peke yake usiku wa leo. Kadi zitoke benki tofauti ikiwezekana. Kiasi kidogo cha pesa taslimu kikae mbali na pochi, na kila mmoja abebe nakala ya pasipoti ya mwenzake. Aliye makini aendelee kuwa makini, kwa vyake.

Mwenzangu anakoroma. Bweni lina vitanda kumi, na asubuhi watu wananinunia mimi, siyo yeye.

Nunua vizibo vya masikio pakiti nzima, ugawe kabla taa hazijazimwa. Ni rushwa halali. Mwambie alale ubavu, na pombe ya usiku aiache, huzidisha kukoroma. Mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann alipofungua hosteli ya vijana ndani ya ngome ya Altena mwaka 1912, aliwafikiria wanafunzi waliokuwa wakitembea kwa miguu mashambani. Watoto hao labda walilala kimya. Watu wazima mkishindwa kabisa, lipieni chumba cha wawili usiku mmoja kati ya kadhaa, ingawa hapo wa kuteseka utabaki wewe pekee.

Tulikuwa Tokyo, stesheni ya Shinjuku. Mlango wa treni ukafungwa yeye akiwa ndani na mimi nje. Simu yenye intaneti ilikuwa moja tu, ameondoka nayo. Tulionana tena baada ya saa nyingi. Tungefanya nini?

Mngepatana kabla ya kuingia stesheni. Sheria ninayoipenda ni hii: aliye ndani anashuka kituo kinachofuata na kuganda palepale jukwaani. Aliyebaki anapanda treni inayofuata ya njia ileile na kumfuata. Mmoja tu ndiye anayesogea. Wote mkisogea, mtapishana mpaka giza liingie, yeye anarudi kukutafuta wakati wewe unamfuata. Tokyo mwangalie jambo moja zaidi: treni za haraka huruka vituo, kwa hiyo anayefuata apande treni ya aina ileile.

"Tukutane nje" si makubaliano Shinjuku. Stesheni hiyo ina milango zaidi ya 200. Tajeni mlango kwa jina lake, na mpange kwamba nusu saa ikipita bila kuonana, kila mtu arudi hosteli. Hapo ndipo karatasi yenye anwani ya hosteli, iliyoandikwa kwa maandishi ya wenyeji, inapokuwa na thamani kuliko simu. Muiandikishe mapokezi siku ya kwanza, nakala mbili. Simu isiyo na intaneti nayo si gogo: ukipakua ramani mapema, bado itakuonyesha ulipo, kwa sababu mawimbi ya mahali yanatoka kwenye setilaiti wala hayategemei kifurushi. Na muda uangalieni, treni za Tokyo husimama karibu na saa sita usiku hadi alfajiri.

Mashine ya ATM inaniuliza kama nataka nikatwe kwa fedha ya nyumbani. Rafiki yangu anasema nikubali, ni rahisi kuelewa.

Kataa. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na faida yake ameiweka humo ndani. Ukichagua fedha ya nchi uliyopo, benki yako ndiyo itakayobadilisha, na karibu kila mara unaokoa pesa. Skrini itakutisha kidogo kwa maneno makubwa, itakuuliza tena kama una uhakika. Una uhakika. Mhudumu wa mkahawa akikuletea kile kimashine cha kadi chenye swali hilohilo, jibu ni lilelile.

Mimi nimekuja kuona makumbusho. Mwenzangu anataka kukaa mkahawani atazame watu. Tangu juzi tunazungumza kwa "ndiyo" na "hapana" tu.

Achaneni. Namaanisha mpaka saa kumi na mbili jioni. Kama mmefuata ushauri wa juu, kila mmoja ana pesa, anwani na ramani yake, hakuna sababu ya kuburutana. Kama mko Paris, wewe nenda makumbusho ya Louvre (siyo Jumanne, hufungwa), yeye aagize kahawa ya pili. Jioni mtakuwa na la kusimuliana.

Lakini niambie kwanza, miguu yake ikoje? Ugomvi mwingi wa safarini nimeuona ukianzia kisiginoni. Mtu mwenye malengelenge hasemi "miguu inauma", anasema makumbusho yanachosha. Malengelenge hutokana na msuguano na unyevu. Bandika plasta au tepu pale ngozi inapoanza kupata joto, usingoje ivimbe. Badili soksi zikilowa jasho. Lengelenge dogo lisitobolewe, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora. Na kama viatu ni vipya, mlaumu aliyevinunua wiki ya safari.

Istanbul, mpiga rangi viatu alipita mbele yetu brashi ikamdondoka. Rafiki yangu akaiokota. Yule bwana akashukuru sana, akaanza kumsafisha viatu, mwisho akadai pesa nyingi. Ni bahati mbaya?

Brashi hiyo hudondoka mara nyingi kwa siku. Mwite mwenyewe aiokote, nanyi mwendelee kutembea. Aliyenaswa huona haya kuondoka, kwa hiyo kazi ni ya yule wa pili: mwite mwenzako kwa jina, kwa sauti, kana kwamba mmechelewa basi. Tumieni mbinu hiyohiyo mgeni mchangamfu wa barabarani anapowaalika baa "anayoijua yeye". Bili ya baa hizo ndiyo mtego.

Tiketi ilisema Istanbul. Tumefika uwanjani, ndege yetu haipo kwenye ubao.

Mko uwanja usio wenu. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa: IST uko upande wa Ulaya, SAW, yaani Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Katikati kuna mlangobahari wa Bosphorus na foleni ya magari isiyo na huruma. Msisome jina la mji, someni zile herufi tatu za uwanja zilizo kwenye tiketi. Heathrow, Gatwick, Stansted na Luton vyote huuzwa kwa jina la London, na uwanja wa Beauvais, unaotangazwa kama wa Paris, uko zaidi ya kilomita 70 kutoka jijini.

Kwa leo, pigeni simu shirika la ndege kabla ndege haijaondoka. Kama tiketi ni ya kwenda na kurudi, mkikosa safari ya kwanza kimyakimya, mashirika mengi huifuta na ya kurudi.