Fundi wa Mifumo: Daftari moja, kalamu nane

SWALI: Shikamoo, Fundi. Naandika mfumo wa duka la jumla la leso, kwa C# na Entity Framework (EF), maktaba ya kuzungumza na hifadhidata. Muktadha wa hifadhidata (DbContext, ndio unaosoma na kuandika) siupitishi mkono kwa mkono; uko hewani, kila kazi inauokota. Tangu nigawe hesabu ya stoo kwa kazi nane za sambamba, mara inapita, mara inaanguka ikidai operesheni ya pili imeanza kabla ya ya kwanza kwisha. Ni seva? – Msomaji, Kongowea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Seva muache, hana kosa.

Huo muktadha wa hewani kwa kawaida hukaa ndani ya AsyncLocal, mfuko wa .NET wa kubebea vitu, na AsyncLocal ana tabia ya kupe: ukianzisha kazi mpya kwa Task.Run, humfuata huyo mtoto. Kazi zako zote nane zimeokota DbContext ile ile, nayo haikuundwa kushikwa na nyuzi (thread) nyingi kwa wakati mmoja. Ndiyo daftari la madeni la duka pale Biashara Street, vijana wanane wameliinamia, kila mmoja na kalamu yake. Shukuru imepiga kelele. Kuna siku haitagundua, itakuharibia takwimu kimya kimya. Mie iliniramba: doti 40 zikahesabiwa mara mbili, nikamshuku kijana wa stoo bure. Mpaka leo nikikutana naye naona haya.

Kabla tu ya kuanzisha zile kazi, ufunike muktadha wa mzazi kwa using, watoto wasiuone, na ukitoka kwenye using urudi wenyewe. Kila kazi ifungue wake na kuufunga humo humo. Kuanzia EF Core 5 ya 2020, kuna IDbContextFactory ya shughuli hiyo. Na mtoto mpe namba ya bidhaa, si bidhaa yenyewe. Ile bidhaa bado imefungwa kwa daftari la mzazi. Ukiigusa tu, huenda ikaenda kumwamsha.

Lakini miktadha minane ni miamala minane. Kazi ya tano ikifeli, zilizotangulia zishahifadhi. Ndiyo maana mie husoma sambamba, nikasubiri zote zirudi, kisha mzazi peke yake ndiye anayeandika, SaveChanges (amri ya kuhifadhi) moja.

Hizo nane nazo zisije zikawa mia tano. Akiba ya miunganisho ya SQL Server, usipoigusa, inaishia 100. Wa 101 atapiga foleni kama gari la kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni.