Ramani ya nyumba: maswali ya wasomaji kabla ya kuchimba msingi

Maswali ya safari hii yote yamehusu ramani, hasa ramani iliyokwisha kuchorwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nimeyafupisha na kuacha majina. Majibu ni kwa anayejenga Dar es Salaam. Anayejenga Njombe kwenye baridi asiyachukue yote kama yalivyo.

Shikamoo. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 Madale. Barabara ipo upande wa magharibi na ardhi inateremka kuelekea nyuma. Rafiki yangu amejenga nyumba nzuri Kigamboni, kwenye tambarare, na amenipa ramani yake bure. Naweza kuitumia kama ilivyo?

Marahaba. Unaweza kuanzia hapo, lakini usiijenge kama ilivyo. Kwanza mchoro una mwenyewe, yaani aliyeuchora, na huyo ndiye ningekushauri umlipe akurekebishie, kwa kuwa anajua kwa nini kila ukuta uliwekwa pale ulipo. Pili, kiwanja chako na cha rafiki yako havifanani kwa mambo mawili makubwa, jua na mteremko.

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini, lakini nyakati zote huwa juu sana, na ndiyo maana kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kukingwa. Upenu, yaani ukingo wa paa, uliotokeza nje ya ukuta sentimita 75 hutia kivuli cha mita 1.3 hivi kwenye ukuta wa kaskazini saa sita mchana mwezi wa Juni, na hicho kinatosha kufunika sehemu kubwa ya dirisha la kawaida. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Jua la saa kumi alasiri huja limeinama, linapita chini ya upenu, linapiga ukuta moja kwa moja, na ukuta wa tofali hulihifadhi joto hilo na kulirudisha chumbani usiku, saa ambazo watu wanatafuta usingizi. Ikiwa chumba cha masta katika ramani ya rafiki yako kipo mbele, kwako kitatazama magharibi, na utakilipia kwa umeme wa kiyoyozi muda wote utakaoishi humo.

Wengi hudhani kwamba kuigeuza ramani kama kwenye kioo kunamaliza tatizo. Kunabadilisha kushoto na kulia tu. Kilichotazama barabara kitaendelea kuitazama. Kwako, upande wa barabara weka kibaraza kirefu, maegesho, stoo na choo cha jumuiya, kisha vyumba vya kulala viende nyuma, mashariki, ambako jua la asubuhi huondoka mapema. Kiwanja chako, kwa bahati, kina urefu wa mita 30 kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukiilaza nyumba kufuata urefu huo, madirisha mengi yatatazama kaskazini na kusini, na hizo ndizo pande za pepo zetu mbili: kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi wakati wa joto kali, na kusi inayoipokea baada ya hapo. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili hupitisha hewa. Chenye dirisha moja hata liwe pana namna gani huwa kinasubiri feni.

Sasa mteremko. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwombe fundi apime kwa mpira wa maji tofauti ya kimo kati ya kona nne za mahali nyumba itakapokaa. Tuseme anapata mita 1.2 kutoka mbele hadi nyuma. Ukitaka sakafu moja iliyo sawa kwenye nyumba ya mita za mraba 120, msingi wa nyuma utasimama juu ya ardhi kwa mita hiyo na zaidi, na ndani yake utahitaji kiasi cha mita za ujazo 72 za kifusi, kilichomwagwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa kila tabaka. Kifusi kikimwagwa chote kwa siku moja na kupigwa juu juu, jamvi, yaani zege la sakafu, litakuja kudidimia na sakafu itapasuka. Ukuta wa msingi unaokizuia nao si wa kukadiriwa kwa macho. Unahitaji hesabu ya mhandisi. Njia nyingine ni kushusha sakafu ya vyumba vya nyuma kwa ngazi nne za sentimita 15, jambo linalopunguza nusu ya kimo hicho, ilimradi nyumbani pasiwe na mtu anayetembea kwa shida.

Kuna hili la mwisho, ambalo ramani za kupewa hazilionyeshi kamwe: majitaka. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo kwako shimo litakuwa nyuma, upande wa chini. Gari la kunyonya majitaka litalifikiaje ikiwa nyumba imejaza kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta? Acha njia ubavuni tangu kwenye karatasi. Na maji ya mvua ya uwanja wako yasiishie sebuleni kwa jirani wa chini.

Mimi na mke wangu tuna watoto wawili, na tunajenga Kibada. Uwezo wetu ni mita za mraba 110. Yeye anataka vyumba vitatu vikubwa, mimi nataka vinne. Nani yupo sahihi?

Shemeji atanisamehe, nachukua upande wako, kwa sharti kwamba chumba cha nne kisitoke kwenye vile vitatu. Watoto wawili wakikua, hasa wakiwa wa kike na wa kiume, kila mmoja atataka chumba chake, na mji huu haujawahi kumwacha mtu bila mgeni wa kutoka mkoani, awe amekuja hospitali au chuoni. Chumba cha nne kiwekwe karibu na mlango wa mbele, jirani na choo cha jumuiya, ili mgeni asilazimike kuvuka korido ya familia usiku.

Nafasi yake ipatikane kwenye chumba cha kulia. Nimeona nyumba nyingi ambamo meza ya watu wanane imefunikwa kitambaa mwaka mzima, na familia inakula sebuleni mbele ya runinga. Ondoeni ukuta kati ya sebule na mahali pa kulia, fupisheni korido, na mita za mraba 10 au 11 zitapatikana.

Hata hivyo mkeo ana hoja kuhusu ukubwa. Muulizeni mchoraji vipimo alivyoandika vinaanzia wapi. Chumba kilichoandikwa mita 3 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, tofali zikiwa za inchi 6, hubaki na kama mita 2.8 baada ya plasta. Weka humo kitanda cha futi 6 kwa 6, ambacho ni mita 1.83 kila upande, na hubaki chini ya mita moja kwa kabati, mlango wa kabati na mtu wa kuufungua. Dai vipimo vya ndani, baada ya plasta. Kisha nendeni kiwanjani na kamba na vigingi, mkichore chumba hicho chini kwa ukubwa wake halisi, na mkeo asimame ndani yake.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, atahamia kwetu. Ramani tuliyoipenda ni ya ghorofa moja, na vyumba vyote vya kulala vipo juu. Tufanyeje?

Tafuteni ramani nyingine, au mbadilishe hii kiasi kwamba itakuwa nyingine. Ikiwa kiwanja kinaruhusu, nyumba ya chini itawafaa zaidi, kwa sababu ngazi zinazopandika vizuri hula eneo la karibu mita 2 na robo kwa mita 4 katika kila sakafu, eneo ambalo mnalijenga na kulipaka rangi lakini halilali mtu.

Ikibidi ghorofa, mama apate chumba chake chini chenye choo na bafu vya kwake. Mlango wa chumba na wa choo uache upenyo wa sentimita 80 mlango ukiwa wazi, ili kiti cha magurudumu kipite kikija kuhitajika, na wa choo ufungukie nje, maana mtu akianguka ndani mlango unaosukumwa kwenda ndani humbana. Sakafu ya bafu isiwe na kizingiti. Maji yazuiwe kwa mteremko. Kuta za pembeni mwa choo zijengwe imara mahali pa kushikia vyuma vya mkono, hata kama vyuma vyenyewe vitafungwa baadaye. Wala chumba chake kisifichwe nyuma ya jiko. Mzee hupenda kuona nani anaingia na nani anatoka, na dirisha linalotazama geti litamfurahisha kuliko dari ya jipsamu.

Fundi anasema ramani yenye kona nyingi ni ghali, mchoraji anasema ndiyo ya kisasa. Na je, paa la kuficha linafaa?

Kuhusu kona, fundi wako amesema kweli na hesabu ni nyepesi. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120 na mzunguko wa mita 44. Chukua mraba wa mita 12 kwa 12, ukate kona kwa pembe mraba, kuta zikiingia ndani, mpaka ubaki na mita za mraba 120 zile zile, na mzunguko utabaki 48. Mita hizo 4 za ziada, kwa kimo cha mita 3, ni tofali zaidi ya mia moja, pamoja na msingi wake, linta yake (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) na plasta yake ya ndani na nje, bila kupata hata futi moja ya sakafu zaidi. Kona moja au mbili zenye kazi, kwa mfano kibaraza kilichoingia ndani, sina ugomvi nazo.

Paa la kuficha, yaani lile linalofichwa nyuma ya ukuta unaolizunguka, mimi silishabikii katika mji huu. Linaondoa upenu, kwa hiyo kuta na madirisha hupigwa na jua na mvua bila kinga, na maji yote hukusanywa na gata (mifereji ya paa) zilizofungiwa nyuma ya ukuta ambako hakuna anayeziona. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000. Majani ya mwembe yakiziba tundu moja, maji hayo yatatafuta dari. Kama moyo umekwisha kulipenda, dai mabomba ya dharura ya kumwaga maji nje yawekwe chini ya kimo cha ukingo wa gata, na ngazi ya kupanda kulisafisha kabla ya masika na kabla ya vuli.

Je, nyumba ya kisasa inahitaji jiko la nje?

Ndiyo, kwa wengi wetu. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi wa kati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ililielewa jambo hili: moshi, maharage yanayochemka kwa saa tatu na pilau la shughuli havikai chini ya dari wanayolala watu. Kibanda chenye paa, bomba la maji na kaunta ya zege, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kinatosha. Mtungi wa gesi ukae nje pia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini, kwa hiyo tundu la hewa la juu peke yake halisaidii.

Nina fedha ya kujenga nusu tu kwa sasa, hapa Chanika. Naweza kugawa ramani?

Unaweza, lakini anayegawa awe mchoraji, na agawe kabla ya msingi. Ombeni kibali cha halmashauri kwa ramani nzima, ikionyesha awamu. Nusu ya kwanza lazima iwe nyumba inayokalika: vyumba viwili, choo, jiko na sehemu ya kukaa. Wengi huanza na sebule kubwa ya mbele kwa sababu ndiyo inayoonekana barabarani, kisha wanalala humo kwa miaka.

Mahali pa kuungania pawe ukuta mmoja ulionyooka, ambao paa lake la kwanza linaishia kwa gebo, yaani ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kileleni mwa paa, ili paa la pili liendelee kutoka pale pasipo kufumua kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Katika ukuta huo, pale ambapo korido itapita baadaye, wekeni linta sasa na mzibe chini yake kwa tofali; siku ya kufungua mtatoa tofali hizo bila kugusa kilicho juu. Shimo la majitaka lijengwe kwa idadi ya watu wa nyumba nzima. Nondo zilizoachwa zikitokeza kwa ajili ya awamu ya pili zifunikwe kwa zege hafifu, kwa sababu unyevu na chumvi ya pwani hii huzila haraka, na mtu akija kuziunga baada ya miaka mitano anaunga kutu.

Ukuta umefika kimo cha madirisha na fundi anashauri mlango wa jikoni uhamie upande wa pili. Nikubali?

Kama ni tundu la mlango tu, linta haijamwagwa na halisogei karibu na kona, ni badiliko dogo. Kama linagusa nguzo, ukuta unaobeba kenchi au sakafu ya juu, au mabomba yaliyokwisha lala chini ya jamvi, hapana. Kwa vyovyote, mwambie asimamishe ukuta huo kwa siku mbili, umpigie aliyechora, na badiliko liandikwe kwenye nakala inayokaa saiti, maana fundi wa umeme na wa mabomba watakaofuata watasoma karatasi hiyo.