Je, Dawa ya Kulevya Humfanya Pweza Apende Wenzake?

SWALI: Mhariri, salamu. Hapa kwetu Songosongo twamjua pweza kuwa mnyama wa kukaa peke yake tunduni. Nimesikia kwamba huko Marekani waliwapa pweza dawa ya kulevya wakawa wapole. Ni kweli? Dawa ya binadamu humwathirije mnyama asiye na uti wa mgongo?
– Msomaji, Kilwa

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018 na Gül Dölen wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na Eric Edsinger, nao ulihusu pweza wa California wenye madoa mawili, ambao ni wapweke kama hao wa kwenu. Tangi liligawanywa vyumba vitatu: kimoja kikawa na pweza aliyefungiwa ndani ya chombo chenye matundu, kingine kikawa na kitu kisicho na uhai, na cha katikati kikaachwa kitupu. Pweza aliyekuwa akijaribiwa alimkwepa mwenzake aliyefungiwa, hasa huyo aliyefungiwa akiwa dume. Lakini baada ya kukaa kwa muda katika maji yaliyotiwa MDMA, ambayo wengi huiita ekstasi, alikaa zaidi upande wa mwenzake, hata akakikumbatia chombo kile kwa mikono yake.

Sababu imo katika serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Ipo protini inayoirudisha serotonini ndani ya seli baada ya kazi, na MDMA hunasa kwenye protini hiyo na kuifanya serotonini ifurike. Ukoo wetu na wa pweza ulitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado sehemu ya protini inayonaswa na dawa inafanana mno kwetu sote. Hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko dawa yenyewe. Tena pweza huweka uadui kando wakati wa kujamiiana, kwa hiyo watafiti walipendekeza kwamba uwezo wa kuvumiliana umo tayari katika ubongo wake, ila nyakati nyingine huwa umezuiwa.

Hata hivyo, wanyama waliojaribiwa walikuwa wachache sana, na kumsogelea mwenzake si ushahidi kwamba pweza alihisi upendo. Wala upole huo haukutokea kwa kipimo chochote tu: katika majaribio ya awali, waliopewa dawa nyingi walipauka na kuhema kwa kasi, ndipo watafiti wakapunguza kiasi.