Fomu Zinazokwama Simuni: Majibu kwa Wasomaji

Assalamu alaikum. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Kojani. Fomu za kaya nazijaza mchana, na usiku mtandao upo, lakini asubuhi ofisini Wete wananiambia hazijafika. Nikiifungua programu tu, zote zinaondoka. Kwa nini?

Waalaikumu salaam. Fomu zako hazijapotea. Simu yenyewe ndiyo iliyozizuia. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu iliyolazwa mahali pamoja, kioo kimezimwa na haipo kwenye chaji, baada ya muda huzikatia programu mtandao, isipokuwa kwa vipindi vifupi ambavyo huzidi kuachana kadiri inavyokaa bila kuguswa. Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya betri, uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi, kisha uangalie kama Kiokoa Data hakiizuii kutumia data chinichini. Na kabla ya kulala, ichomeke simu kwenye chaji, uifungue programu na uiache wazi mpaka idadi ya fomu zinazosubiri ifike sifuri. Nakusihi sana usibonyeze "Futa data", wala usiiondoe programu kwa nia ya kuiweka upya: fomu ambazo hazijatumwa zimo humo humo simuni, na zikifutika itakubidi urudi kuwagongea watu hodi nyumba moja baada ya nyingine.

Natumia iPhone, napokea mizigo bandarini Malindi. Kila nikimaliza kupiga picha hutelezesha juu programu zote ili kuokoa chaji, na picha nyingi hazifiki.

Acha mazoea hayo. Kwenye iPhone, programu ukiifunga kwa kuitelezesha, mfumo huelewa kwamba umeikataa, na picha zilizokuwa zikipelekwa chinichini hukatishwa hapo hapo. Rudi tu kwenye skrini ya mwanzo, uiache iendelee.

Simu ya dada yangu wa Jambiani ilizima siku kadhaa. Sasa bando lipo, ila rekodi zake za mwani hazendi kabisa.

Tazama tarehe. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu huwaka zikiwa zimerudi miaka nyuma. Seva, yaani kompyuta inayopokea rekodi, ina cheti cha usalama cha kuithibitisha, chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na simu inayoamini kwamba siku ya kuanza bado haijafika hukataa kuunganishwa. Washa tarehe na saa za mtandao, kisha ajaribu tena.

Ninaandika programu hapa Chake Chake, natuma video kwa WorkManager, zana ya Android ya kuendesha kazi chinichini. Faili kubwa huanza upya kila mara, na nyingine hufika mara mbili.

Kazi ya kawaida ya WorkManager hupewa dakika 10, kisha husimamishwa. Video isiyomalizika kwa muda huo ikatwe vipande, na seva ikumbuke kipande cha mwisho ilichokipokea, ili safari inayofuata ianzie hapo. Zile zinazofika mara mbili aghalabu zilipokewa salama tangu mwanzo, lakini mtandao ukakatika kabla jibu la seva halijarudi, na simu ikatuma tena kwa haki yake. Kila rekodi ipe kitambulisho chake cha pekee pale pale inapoundwa simuni, seva ikikiona mara ya pili ijibu tu kwamba imekwishapokea. Nakala ya simuni isifutwe mpaka jibu hilo lifike.