Unaanza kemo, zile dawa za kansa za dripu? Haya ndo ya nyumbani

Madokta watakueleza ugonjwa na dawa, ila mambo ya jikoni na kitandani utayapata kwenye benchi la kusubiria hospitalini, kwa wagonjwa wenzio. Mimi nilitibiwa kansa ya titi hapa Dar, kemo kwanza halafu mionzi, kwa hiyo haya mengi ni ya benchi.

Kabla ya yote, homa. Nunua kipimajoto, famasi zinavyo. Ukisoma 38 au zaidi usimeze panadoli ukalala kusubiri kukuche, nenda hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, na waambie pale mapokezi kwamba uko kwenye kemo, maana dawa inashusha chembe nyeupe za damu na mara nyingi zinakuwa chini kabisa kama siku ya 7 mpaka 14 baada ya dripu, hapo hata maambukizi madogo yanaweza kukuua. Panadoli inaificha homa, ndo ubaya wake. Na wa nyumbani wajue pia, wewe unaweza ukawa hata hujielewi. Siku hizo mwenye mafua asije kukusalimia, akinuna ataacha tu mwenyewe.

Chakula sasa. Siku ya dripu usile kile unachokipenda kuliko vyote, ukikitapika tumbo linakumbuka, kuna dada mmoja mpaka leo hasogelei wali wa nazi. Kunywa uji mwepesi, kidogo kidogo, kila baada ya muda. Dawa ya kichefuchefu imeze kwa saa uliyoandikiwa, usingoje kianze. Ila zile dawa zinafunga choo, kwa hiyo maji mengi na papai. Mdomo ukiwa na ladha ya chuma, tumia kijiko cha mti au plastiki. Vitunguu wakakaangie nje huko, na chakula kipoe kwanza, kikipoa hakinuki sana.

Vidonda mdomoni: maji lita 1, chumvi kijiko 1 cha chai na bekingi soda kijiko 1 cha chai, sukutua na uteme mara kadhaa kwa siku. Mswaki laini. Pilipili na ndimu ziache kwanza.

Kama unapewa ile dawa nyekundu, mkojo utakuwa mwekundu siku moja mbili, usipige kelele, si damu. Ikizidi hapo, sema.

Kwenye mionzi usifute zile alama walizokuchora, na vaa nguo laini isiyobana, sidiria ya waya iache.

Halafu shangazi ataleta chupa ya mizizi. Pokea, mshukuru, iweke kabatini, kamwonyeshe dokta kabla hujaonja, kuna miti inagombana na dawa.

Nywele kwa dawa nyingi zinaanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, mimi nilinyoa mapema na kwa joto hili la Dar wala sikujuta. Maswali ya aibu aibu, ya chumbani na chooni, muulize nesi anayekuwekea dripu, wale wameshasikia yote.