Kabla Hujaipiga Picha Hiyo IST Yenye Spoila

Simu yangu imejaa picha za magari ya watu, na wala si magari mazuri. Kuna IST iliyofungiwa spoila, lile bawa la nyuma, ndefu kama benchi la kijiweni, Crown iliyobandikwa nembo ya M ya BMW, Passo yenye kope juu ya taa. Kwenye foleni ya Dar utaviona vyote, na muda wa kuvitazama unao.

Naulizwa mara nyingi napigaje bila kugombana na watu. Naomba tu. Mwenyewe akiwepo namsalimia, namwambia, "Kaka, gari yako imenivutia, naomba niipige picha." Sidanganyi, imenivutia kweli, ila hajaniuliza kivipi. Wengi hufurahi kuliko unavyodhani. Mtu aliyetoa hela yake kufunga mabomba manne ya moshi anataka yaonekane. Kijana mmoja pale Gerezani, karibu na Kariakoo, aliniinamisha hadi chini ya bampa nijionee: mabomba mawili ya kulia hayajaunganishwa na chochote, yamening'inizwa kwa waya wa kufungia nondo. Alianza kucheka yeye. Ningepiga kwa kuibia nikiwa ng'ambo ya barabara, huo waya ningeuonea wapi?

Mwenyewe asipokuwepo, piga gari, acha watu. Subiri abiria ashuke, subiri watoto wapite. Kabla ya kuirusha picha, ziba namba kwa rangi nzito isiyopenyeza. Ule ukungu mwepesi wa kwenye simu wakati mwingine bado unasomeka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, huna sababu ya kumtangaza mtu kwa ajili ya kope za Passo. Kagua pia kioo cha mbele. Stika ya maegesho ya ofisini inaweza kumtaja mtu haraka kuliko namba ya gari.

Maneno ya chini ya picha ndiyo yanayoleta ugomvi. Cheka spoila, usimcheke dereva, wala mtaa anaokaa, wala kipato chake. Na usisahau magari mengi mjini ni ya mkono wa pili au wa tatu: huenda dada wa watu aliikuta ile bampa ya ajabu siku anayonunua, na hela ya kuirudisha ya zamani hana. Spoila ya IST nayo haimdhuru mtu. Bawa hilo ni la kuikandamiza nyuma ya gari ili magurudumu yashike barabara, ila kwa IST magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na kwa mwendo wa mjini upepo wenyewe wa kuikandamiza nyuma haupo. Ni urembo, kama mwenzako anavyovaa cheni.

Mimi nakunja uso kwenye taa za gari. Mtu anachomoa balbu ya kawaida, anachomeka LED kali ndani ya taa ileile. Kioo cha ndani kilichongwa kufuata mahali waya wa balbu ya zamani ulipokaa. Chanzo cha mwanga kikihama hata kidogo, mwanga unatawanyika na kupanda juu, machoni kwa anayekuja. Bodaboda wa mbele yako haoni kitu. Kukata springi ili gari lilale chini ni hivyohivyo: springi inakuwa fupi na ngumu, shokapu inagonga mwisho kwenye kila tuta, na tairi linapoteza mshiko. Hapo simsifii mtu ili nipate picha. Namwambia.

Mengine ni ya kawaida. Jua la mchana linaua picha ya gari lenye kromu, ngoja saa kumi na nusu. Chuchumaa, simu iwe usawa wa taa. Angalia usijipige mwenyewe kwenye mlango mweusi. Ukiwa unaendesha, simu ashike abiria. Na ukipita Lugalo, hata lipite gari lenye mapembe ya ng'ombe kwenye boneti, simu ibaki mfukoni. Hapo ni kambi ya jeshi.

Mwenye gari akikwambia futa, usianze kumsomea haki zako. Futa mbele yake, halafu ingia kwenye folda ya zilizofutwa, futa na huko. Wanaozijua simu watakuuliza.