Maswali ya Afya: Kujikatia bima bila mwajiri

SWALI: Naendesha bajaji hapa Arusha. Nina mke na watoto watatu. Kumkatia kila mmoja bima kumenishinda, na kulipa kwa mkupuo ndiyo kabisa. Nianzie wapi? – Msomaji, Ngarenaro

JIBU: Anza na bima ya kaya. Bima ya hiari ya mtu mmoja mmoja huwa ghali kwa kuwa wengi huikata wakishaanza kuugua, wazima wakikaa pembeni. Mfuko unalipa zaidi ya unavyokusanya, na bei inapanda. Ndiyo sababu pia ya kipindi cha kusubiri: ukilipa leo, si kila huduma utaipata kesho. Kukimbilia kadi mama akiwa na mimba ya miezi minane ni kuchelewa.

Bima hiyo ya kaya ni Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ulioanza 2018 kwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu hadi 6. Kama bado unaandikisha, na kwa kiwango gani, muulize afisa mwandikishaji wa mtaa wako. Kila mwanakaya apigwe picha, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ikipishana, dirishani mtasumbuana. Fedha usimpe mtu mkononi. Subiri namba ya malipo, lipa kwa simu, ujumbe usiufute.

Wengi hukwama kwenye rufaa. Kwa CHF unaanzia zahanati au kituo cha afya. Ukipitiliza hadi hospitali ya mkoa ya Mount Meru bila karatasi ya rufaa, utalipa kama asiye na kadi, halafu utasema bima ni utapeli.

Kama bado unataka kifurushi kikubwa, tuseme cha 240,000 kwa mwaka, hiyo ni kama 4,600 kwa wiki. Itenge kwenye laini isiyo ya hesabu ya bosi wala ya mafuta. Na usiache kadi ikatike: unaweza kuanzishwa upya kusubiri.

SWALI: Tuko mafundi wanne kwenye karakana moja Moshi, tunalipwa mshahara. Kila mmoja ajikatie? – Msomaji, Majengo

JIBU: Hapana, mbaneni tajiri wenu kwanza. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako, nusu ya mwajiri. Mshahara ukiwa 300,000, mchango ni 18,000 kwa mwezi. Wewe unakatwa 9,000. Hapo umejikinga wewe, mwenza na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi. Hakuna kifurushi binafsi cha kushindana na hiyo. Tatizo ni mwajiri anayekata asiwasilishe: mkaulize wenyewe ofisi ya mfuko kama michango inaingia. Dawa ikikosekana hospitalini, uliza utaratibu wa kuichukua kwenye duka la dawa lililosajiliwa na mfuko kabla hujatoa fedha mfukoni.

SWALI: Mama yangu ana miaka 67, yuko Kibosho, hana kipato. Nimkatie bima gani? – Msomaji, Moshi

JIBU: Huenda asihitaji kulipa. Sera inawasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, pamoja na wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5, kwenye vituo vya serikali. Chukua barua kwa mtendaji wa kijiji, mpeleke mama ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kumwona daktari. Bili ikishatoka, kuifuta ni kazi nyingine.